Saba, arobaini, sabini: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu namba za Wayahudi wa kale

Watu wakishasoma vitabu vya Musa na manabii huanza kuuliza kwa nini namba chache zinajirudia mno. Nimekusanya maswali yanayojitokeza zaidi na kuyajibu kadiri ya uzito wake, mengine kwa kirefu, mengine kwa mistari miwili. Niseme mapema: sehemu kubwa ya namba hizi zilianza kama lugha ya kawaida, namna ya kusema "wote", "muda mrefu" au "imetimia". Hesabu za herufi zilikuja baadaye sana. Anayetafuta tarehe ya mwisho wa dunia hataipata hapa.

Ni namba zipi hasa?

Saba ndiyo ya kwanza, na nyingine ziko mbali nyuma yake: kumi, kumi na mbili, arobaini, sabini. Hamsini ni mtoto wa saba, maana ni saba mara saba ukiongeza moja. Nane huja pale saba inapokwisha na jambo jipya kuanza, ndiyo maana mtoto wa kiume hutahiriwa siku ya nane. Tatu nayo imo, lakini tatu ni ya walimwengu wote. Hata ngano za bibi zetu zina ndugu watatu na majaribu matatu, kwa hiyo sitaitafutia asili ya pekee.

Saba ilitoka wapi?

Haikuanzia kwa Waisraeli. Karne nyingi kabla ya Torati kuandikwa, Wasumeri na baadaye Wababeli, katika nchi ya Iraki ya leo, walikuwa wakisimulia kwa saba. Mungu wao wa kike Inanna, ambaye Wababeli walimwita Ishtar, anaposhuka kuzimu anapita milango saba, na kila mlango anavuliwa kitu kimoja mpaka anafika bila vazi. Katika kisa cha Gilgamesh dhoruba ya gharika inavuma siku sita na usiku saba, na siku ya saba bahari inatulia. Shairi lao la uumbaji, Enuma Elish, linachukua vigae saba vya udongo.

Jirani wa karibu zaidi alikuwa mji wa Ugarit, pwani ya Siria. Mwaka 1928 mkulima aliyekuwa akilima karibu na ufuo aligonga jiwe la kaburi la kale, na mwaka uliofuata wachimbaji wa Kifaransa wakiongozwa na Claude Schaeffer wakaanza kuufukua mji ulioteketea karibu mwaka 1200 KK. Vigae vyake vimeandikwa kwa lugha iliyo ndugu na Kiebrania. Humo kuna kisa cha kujengwa kwa jumba la mungu Baali: moto unawashwa ndani, unawaka siku moja, ya pili, ya tatu, hadi ya sita, na siku ya saba fedha na dhahabu zimekwisha kugeuka matofali. Ukitoka hapo ukaenda kusoma sura ya kwanza ya Mwanzo, unausikia mwendo uleule: sita za kazi, ya saba ya kukamilika.

Hii haimaanishi kwamba mwandishi wa Mwanzo alikaa na kigae cha Ugarit pembeni akanakili. Hadithi za eneo lile zilisimuliwa hivyo. Sisi tukianza na "hapo zamani za kale" hatujamwibia mtu.

Ugarit inatufundisha jambo jingine, la kishairi. Washairi wao walipenda kutaja namba kisha kupanda ngazi moja. Baali anachukia dhabihu mbili, naam, tatu. Mithali 6:16 inafanya vivyo hivyo: vitu sita anavichukia Bwana, naam, viko saba. Nabii Amosi anahesabia kila taifa makosa matatu, naam, manne, na mara nyingi anataja moja tu. Mhubiri 11:2 inashauri kuwagawia watu saba, hata wanane. Msikilizaji wa zamani hakukaa akahesabu kwa vidole kama yametimia, alijua kwamba mshairi anasema "mengi, na yamezidi".

Basi Waisraeli hawakubuni chochote?

Walibuni, tena kitu kikubwa. Wababeli walikuwa na orodha za siku za nuksi: ya 7, 14, 19, 21 na 28 ya mwezi. Siku hizo mfalme alikatazwa mambo fulani na mganga asimguse mgonjwa. Hesabu ilianza upya kila mwezi mwandamo ulipoonekana. Sabato ya Waisraeli haiutazami mwezi kabisa. Inakwenda saba, saba, saba, bila kusimama, mwezi uandame usiandame. Tena haikuwa siku ya nuksi, ilikuwa siku ya kupumzika, na Kutoka 20 inataja hadi mifugo na mgeni aliye nyumbani mwako.

Wakishaishika saba hivyo wakaipandisha. Mwaka wa saba shamba lilale na madeni yaachiliwe. Miaka saba mara saba ikipita, mwaka wa hamsini ni yubile, ardhi irudi kwa wenyewe. Na sheria ya mwaka wa saba haikubaki kwenye karatasi: kitabu cha kwanza cha Wamakabayo kinasimulia jinsi watu waliozingirwa na jeshi katika karne ya pili KK walivyoishiwa chakula kwa sababu ulikuwa mwaka wa kulaza ardhi. Waliokaa Qumran, kando ya Bahari ya Chumvi, walikwenda mbali zaidi: wakashika kalenda ya siku 364, ambazo ni majuma 52 kamili, ili sikukuu isihame siku yake ya juma milele.

Kwa nini saba, na siyo sita au nane?

Kuna maelezo matatu ambayo hutolewa sana. La kwanza ni mwezi: siku 29 na nusu ukizigawa kwa nne unapata saba na kidogo. Tatizo ni hicho kidogo, maana baada ya miezi miwili tu juma na mwezi vimeshaachana. La pili ni mbingu: nyota za Kilimia, ambazo wengi wa kale walizihesabu saba, na vile vimulika saba vinavyohama angani, yaani jua, mwezi na sayari tano zinazoonekana kwa macho. Haya yalikuwa na nguvu Babeli, ila kuzipa siku za juma majina ya sayari ni desturi ya nyakati za Wagiriki na Warumi, baada ya Sabato kuwa kongwe.

La tatu ndilo ninalolipenda. Wababeli walihesabu kwa sitini, na ndiyo sababu saa yetu ina dakika sitini hadi leo. Sitini inagawanyika vizuri kwa mbili, tatu, nne, tano na sita. Saba ndiyo namba ya kwanza inayokataa. Waandishi wao walikuwa na majedwali ya kugawia, na wakifika kwenye saba waliiruka au kuandika kwamba haigawanyiki. Namba isiyokubali kugawanywa na mtu yeyote sokoni si ajabu ikatengwa kwa ajili ya miungu.

"Sabato" na "saba" si neno moja?

Kwa masikio yetu ni moja. Kwa Kiebrania ni maneno mawili yanayopigana pambaja. Sabato, *shabbat*, inatokana na mzizi wenye maana ya kukoma, kuacha kazi. Saba ni *sheva*, na mwisho wake kuna herufi ya kooni, ile ain ambayo waliosoma Kurani chuoni wanaijua. Mwandishi wa Mwanzo 2 alizijua zote mbili na akazichezea pamoja, kwa hiyo kosa letu lina mzee wake.

Ndugu wa kweli wa *sheva* ni kiapo. "Kula kiapo" kwa Kiebrania ni kitenzi cha mzizi uleule wa saba, kana kwamba unajifunga mara saba. Ndiyo siri ya Beer-sheba katika Mwanzo 21: Ibrahimu anamtengea Abimeleki wana-kondoo wa kike saba, wanaapiana, na kisima kinaitwa hivyo. Ukikitafsiri "kisima cha saba" umepatia. Ukisema "kisima cha kiapo" umepatia pia.

Hapa Mswahili ana mtaji ambao Mzungu hana. Saba yetu tuliipata kwa Waarabu, na Kiarabu na Kiebrania ni watoto wa familia moja. Penye *s* ya Kiarabu, mara nyingi Kiebrania kina *sh*: salamu na *shalom*, sita na *shesh*, saba na *sheva*, tisa na *tesha*. Arobaini ni *arbaim*, hamsini *hamishim*, sabini *shivim*, mia *mea*, elfu *elef*. Moja hadi tano tulibaki nazo za Kibantu, pamoja na nane na kumi. Kwa hiyo Mswahili akisema "saba" au "arobaini" ameshafika nusu ya njia kwenye Kiebrania.

Arobaini ina maana gani?

Siku za mwizi ni arobaini. Hakuna mwenye duka aliyewahi kusubiri ya thelathini na tisa ipite ndipo aweke mtego. Arobaini pale ni muda mrefu wenye mwisho. Sasa chukua masikio hayohayo usome: mvua ya Nuhu siku arobaini, Musa mlimani siku arobaini, jangwani miaka arobaini, Eliya akitembea kwenda Horebu siku arobaini. Kila mara mtu anaingia upande mmoja akiwa hivi, anatoka upande wa pili akiwa vingine.

Kitabu cha Waamuzi kimejaa arobaini. Nchi ilistarehe miaka arobaini baada ya Othnieli, arobaini baada ya Debora, arobaini siku za Gideoni. Baada ya Ehudi ni themanini, arobaini mbili. Samsoni ni ishirini, nusu yake. Daudi alitawala arobaini, Sulemani arobaini. Na 1 Wafalme 6:1 inasema Hekalu lilianza kujengwa mwaka wa 480 tangu kutoka Misri: kumi na mbili mara arobaini. Wanaotumia 480 hiyo kupata mwaka kamili wa Kutoka wanaibebesha namba mzigo ambao haikuumbiwa.

Ushahidi ninaoupenda kuliko wote haumo hata katika Biblia. Mwaka 1868 huko Dhiban, mashariki ya Bahari ya Chumvi katika Yordani ya leo, lilipatikana jiwe la Mesha, mfalme wa Moabu wa karne ya tisa KK. Leo liko Louvre, Paris. Mesha anajigamba kwamba Omri wa Israeli aliikalia nchi ya Medeba siku zake zote na nusu ya siku za mwanawe, "miaka arobaini". Piga hesabu kwa kitabu cha Wafalme: Omri alitawala miaka kumi na miwili, Ahabu mwanawe ishirini na miwili. Kumi na mbili na nusu ya ishirini na mbili ni ishirini na tatu. Adui wa Israeli, akiandika kwenye jiwe kwa lugha yake, naye alisema arobaini akimaanisha kizazi kizima. Ilikuwa lugha ya mtaa mzima.

Tena waliinukuu bila hofu ya kuibadili. Yona kwa Kiebrania anaipa Ninawi siku arobaini. Tafsiri ya kale ya Kigiriki, Septuaginta, inasema siku tatu.

Ile arobaini ya mzazi na ya msiba wetu inatoka huko?

Desturi ya mwambao, mzazi kukaa ndani siku arobaini na msiba kufanyiwa arobaini yake, ilitufikia kupitia ulimwengu wa Kiislamu, lakini mizizi yake iko katika eneo lilelile. Walawi 12 inamhesabia mama aliyezaa mtoto wa kiume siku saba na nyingine thelathini na tatu, jumla arobaini. Kwa mtoto wa kike ni mara mbili, themanini.

"Arobaini kasoro moja" ni nini?

Kumbukumbu la Torati 25:3 inakataza kumchapa mtu zaidi ya mapigo arobaini. Marabi, yaani walimu wa sheria wa Kiyahudi, wakapunguza moja, na mtume Paulo anasema alichapwa hizo arobaini kasoro moja mara tano. Mishna, mkusanyo wa sheria za marabi hao wa karibu mwaka 200 BK, inahesabu pia kazi kuu zilizokatazwa siku ya Sabato, na inaziita vivyo hivyo: arobaini kasoro moja. Wangeweza kusema thelathini na tisa. Hawakutaka.

Na sabini?

Sabini ni saba iliyopigwa kumi, na maana yake ni "wote, hakuna aliyebaki". Mwanzo 10 inataja mataifa ambayo wasomaji wa Kiyahudi waliyahesabu sabini. Nyumba ya Yakobo iliyoshuka Misri ni watu sabini. Musa aliwakusanya wazee sabini. Baraza kuu, Sanhedrini, lilikuwa na watu 71, yaani wazee sabini na aliyekaa mahali pa Musa. Hata Wakanaani: vigae vya Ugarit vinasema mungu mke Athirat alikuwa na wana sabini.

Kwamba hii haikuwa sensa inaonekana kwenye ile nyumba ya Yakobo. Kiebrania tulichonacho kinasema 70. Septuaginta inasema 75, na gombo moja la kitabu cha Kutoka lililopatikana Qumran linasema 75. Stefano katika Matendo 7 anafuata 75.

Siku ya sikukuu ya Vibanda hesabu yenyewe inafichwa ndani ya ng'ombe. Hesabu 29 inaagiza mafahali kumi na watatu siku ya kwanza, kumi na wawili ya pili, na kuendelea kushuka hadi saba siku ya saba. Jumlisha: 70. Talmudi, mkusanyo mkubwa wa mafundisho ya marabi, inasema walitolewa kwa ajili ya mataifa sabini ya dunia. Mimi huwa nawaza yule kuhani wa siku ya kwanza.

Kisha kuna miaka sabini ya Yeremia, ambayo watu wanahangaika nayo sana. Yeremia alisema mataifa yatamtumikia mfalme wa Babeli miaka sabini. Yerusalemu ilianguka 586 KK na Babeli ikatekwa na Koreshi 539 KK, miaka 47 tu. Wengine wanahesabu kutoka kubomolewa kwa Hekalu hadi lilipojengwa upya, mwaka 516 au 515 KK, na wanapata sabini safi. Lakini sabini ya hukumu ilijulikana kabla ya Yeremia kuzaliwa. Mfalme wa Ashuru Senakeribu aliibomoa Babeli mwaka 689 KK, na mwanawe Esar-hadoni alipotaka kuijenga upya alieleza hivi: mungu Marduki alikuwa ameandika miaka sabini ya ukiwa, kisha akahurumia, akaigeuza namba juu chini, ikawa kumi na moja. Kwa mwandiko wao wa kabari hilo linawezekana kabisa. Sabini ni alama ya sitini ikifuatwa na ya kumi. Alama ya sitini na ya moja ni ileile, kwa hiyo ukizigeuza mpangilio unasomeka kumi na moja. Sijaona mfalme mwingine aliyefuta deni la kidini kwa ujanja mzuri kama huo.

Danieli 9 baadaye inaipanua sabini ya Yeremia iwe sabini za saba, 490. Hapo ndipo namba ya mazungumzo ilipoanza kuwa namba ya kukokotoa.

Makabila yalikuwa kumi na mawili kweli?

Inategemea orodha ipi. Lawi akihesabiwa, Yusufu ni mmoja. Lawi akiondolewa kwa sababu hana ardhi, Yusufu anagawanywa kuwa Efraimu na Manase, na kumi na mbili inarudi. Kumbukumbu la Torati 33 haimtaji Simeoni. Wimbo wa Debora katika Waamuzi 5, ambao wataalamu wengi wanauona miongoni mwa maandishi makongwe kabisa ya Biblia, unataja makundi kumi, na Yuda hayumo. Majina yanabadilika, lakini katika orodha nyingi jumla inabaki ileile.

Mwanzo yenyewe inawapa majirani jumla hiyohiyo: Ishmaeli ana wakuu kumi na wawili, Nahori ndugu yake Ibrahimu ana wana wanane kwa mke na wanne kwa suria. Mwaka 1930 Mjerumani Martin Noth alipendekeza kwamba Israeli ulikuwa muungano wa makabila yanayopokezana kulitunza hekalu moja, kila moja mwezi mmoja, kama miungano fulani ya Wagiriki. Nadharia hiyo ilitawala miaka mingi kisha ikaporomoka kwa kukosa ushahidi. Hata hivyo wazo la mwezi mmoja kwa kila mmoja lina mfano halisi: 1 Wafalme 4:7 inasema Sulemani aliweka wasimamizi kumi na wawili, kila mmoja akiilisha nyumba ya mfalme mwezi mmoja. Kumi na mbili ni namba ya kalenda na ya zamu.

Kumi inatoka kwenye vidole?

Ndiyo. Kwa Kiebrania Kutoka 34:28 haisemi "amri kumi", inasema "maneno kumi", na ukiwa na kidole kwa kila neno husahau. Wayahudi, Wakatoliki na Waprotestanti wengi wanazigawa tofauti, lakini wote wanafika kumi.

Kumi ya kuvutia zaidi ni ya sala. Ibada kamili ya pamoja inataka watu kumi, na kundi hilo linaitwa minyani. Kwa nini kumi? Talmudi inajenga hoja kutoka Hesabu 14, ambapo Mungu anawaita wapelelezi waliorudi na habari mbaya "mkutano". Walikuwa kumi na wawili, ukiwaondoa Yoshua na Kalebu wanabaki kumi. Kwa hiyo idadi ya jamaa wa sala imefundishwa na watu kumi walioikosesha Israeli imani. Marabi hawakuona aibu.

Gematria ni nini, na ilianza lini?

Ni kuzipa herufi thamani ya namba na kulinganisha maneno yenye jumla moja. Jina lenyewe ni la Kigiriki, na hilo tayari linatoa fununu. Katika Biblia ya Kiebrania namba zote zimeandikwa kwa maneno. Waandishi wa Yuda wa enzi za wafalme, kwa mfano wale wa ngome ya Arad walioandika kwa wino kwenye vigae vilivyovunjika, walitumia tarakimu za Kimisri wakihesabu divai na mafuta. Herufi za alfabeti kuwa tarakimu ni mtindo wa Wagiriki, na mfano wa mapema ulio wazi kwa Wayahudi ni sarafu za mfalme wa Wayahudi Alexander Jannaeus zenye mwaka wa 25 wa utawala wake, karibu 78 KK.

Kuchezea herufi bila namba ni kwa kale zaidi. Yeremia 25:26 inataja mji wa Sheshaki, ambao haumo kwenye ramani yoyote. Badilisha herufi ya kwanza ya alfabeti ya Kiebrania kwa ya mwisho, ya pili kwa ile ya kabla ya mwisho, na Sheshaki inasomeka Babeli. Na wazo la jina kuwa na namba lilikuwako Ashuru: Sargoni wa Pili, aliyetawala 722 hadi 705 KK, alisema ukuta wa mji wake mpya una urefu wa dhiraa 16,283, "namba ya jina langu".

Wasomaji wa pwani hawatashangaa. Abjadi ya Kiarabu ni mfumo uleule: ndiko inakotoka 786 ya Bismillahi inayobandikwa kwenye magari na maduka, na ndiyo inayotumiwa na mpiga falaki anayekuuliza jina lako na la mama yako kabla ya kukuambia lolote.

Nipe mfano wa gematria ya marabi.

Mwanzo 14 inasema Ibrahimu alitoka na vijana 318 kuwafuata wafalme waliomteka Lutu. Talmudi inataja maoni kwamba alikuwa mtu mmoja tu, mtumishi wake Eliezeri, kwa sababu herufi za jina lake ni 1, 30, 10, 70, 7 na 200. Jumlisha mwenyewe. Ni hesabu nzuri, na inaigeuza vita ya jeshi kuwa ya watu wawili.

Kuna gematria inayofanya kazi kimyakimya hadi leo. Kumi na tano ilipaswa kuandikwa kwa herufi za 10 na 5, lakini hizo ni sehemu ya jina la Mungu, kwa hiyo huandikwa 9 na 6. Kumi na sita nayo 9 na 7.

Amri 613 zilihesabiwa na nani?

Rabi Simlai, wa karne ya tatu BK, alihubiri kwamba Musa alipewa amri 613: makatazo 365 kama siku za mwaka wa jua, na maagizo 248 kama viungo vya mwili wa mtu. Kila siku inakukataza, kila kiungo kinakuagiza. Talmudi inaongeza kwamba neno "Tora" kwa herufi ni 611, na amri mbili za kwanza watu walizisikia kwa Mungu mwenyewe, hivyo 613.

Angalia mpangilio wa mambo: namba ilitangulia, orodha ikafuata. Waliojaribu kuziandika moja moja, akiwemo mwanachuoni wa Kiyahudi Maimonides katika karne ya 12, walilazimika kuamua ipi ihesabiwe na ipi iachwe ili jumla ifike, na hawakukubaliana.

666 ni ya Kiyahudi?

Hiyo namba ya mnyama imo katika Ufunuo, kitabu cha Kikristo, lakini mbinu ni ya Kiyahudi. Andika "Neron Kaisari", yaani Nero mtawala wa Rumi, kwa herufi za Kiebrania: 50, 200, 6, 50, kisha 100, 60, 200. Inakuja 666. Ukilitamka jina kwa Kilatini, Nero, unapoteza ile *n* ya mwisho yenye thamani ya 50 na kubaki na 616. Kipande cha mafunjo cha Ufunuo kutoka Oxyrhynchus nchini Misri kina hiyo 616. Kwangu mimi swali limejibiwa, ingawa kadi za benki na chanjo zitaendelea kusingiziwa.

Kumi na tatu ni nuksi kwao?

Hapana. Mvulana anawajibika kwa amri akifikisha miaka 13, Kutoka 34 inasomwa kuwa na sifa 13 za rehema, na neno "mmoja", lile la "Bwana ni mmoja", lina jumla ya 13. Kumi na nane inapendwa zaidi, kwa kuwa ni jumla ya neno "hai", ndiyo maana Wayahudi wengi hutoa zawadi na sadaka kwa mafungu ya 18.

Kwa nini Wayahudi wengi hawapendi kuhesabu watu?

Kutoka 30 inaagiza kwamba watu wakihesabiwa kila mmoja atoe nusu shekeli, pigo lisiwapate. Zinahesabiwa sarafu, siyo vichwa. Daudi alihesabu vichwa, na 2 Samweli 24 inamaliza kisa kwa tauni. Wazee wa kwetu wanaokataa kuhesabiwa watoto wao hadharani wangemwelewa yule anayelaumu sensa ya Daudi.

Lakini sala inataka kumi, na lazima mtu ajue kama wametimia. Desturi iliyoenea ni kutumia mstari wa mwisho wa Zaburi 28, ambao kwa Kiebrania una maneno kumi. Anayehesabu anapitisha macho chumbani na kumpa kila mtu neno moja: huyu "okoa", yule "watu wako". Neno la mwisho, "milele", likimpata mtu, sala inaanza. Lisipompata, mmoja anatoka nje kutafuta mpita njia.